Mwalimu Niliyemsingizia

Maswali yake ya kwanza yalikuwa mawili, na hayakubadilika. Uingie ofisini kwake ukilia, uwe umetumwa na mwalimu wa zamu kwa kosa la nidhamu, au umekuja tu kukwepa kipindi cha kemia, alikuuliza, "Umelala?" Kisha, "Umekula?" Ukijibu hapana kwa moja kati ya hayo, mazungumzo yaliishia hapo. Alikupeleka jikoni ukapewa uji uliobaki, au alikutandikia mkeka ofisini ulale kipindi kizima, yeye mwenyewe amekaa nje ya mlango akisahihisha insha. Swali la kama umeomba lilikuja siku nyingine, ukiwa umeshiba.

"Mtu mwenye njaa hawezi kujua kama kinachomuuma ni roho au ni tumbo," alituambia. "Na mimi pia siwezi kumjulia."

Alikuwa mwalimu wetu wa ushauri katika shule ya bweni ya wasichana, mwendo mfupi kutoka soko la Mukuyuni. Sitamtaja jina. Niliwahi kumtaja mbele ya watu wengi, na kwa sababu ya siku hiyo ndiyo ninaandika haya.

Shule ilikuwa ya kanisa. Yeye alikuwa Mwislamu, wa pekee katika walimu wote, na alikuwa Mkamba wa Mwingi. Mchanganyiko huo uliwasumbua watu kuliko kama angekuwa mgeni kabisa. Mama yangu, siku ya kwanza kumwona akipita na mtandio wake wa kijivu, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Huyo alibadilika, ama alizaliwa hivyo?" Nikamwambia sijui. Mama akamfuata kwa macho hadi akaingia ofisini, kana kwamba angeweza kulipata jibu mgongoni mwake.

Ofisi yenyewe ilikuwa imetolewa kwenye stoo ya michezo, na hata baada ya kupakwa rangi ilinuka mipira ya zamani. Alitoa meza akaiweka ukutani. Viti viwili viliwekwa sambamba, vyote vikitazama dirishani, ili msichana aongee na uwanja wa netiboli badala ya kuongea na uso wa mtu. Kwenye kona kulikuwa na pazia la kitenge. Nyuma yake aliswali saa ya chakula cha mchana. Juu ya rafu palikuwa na jagi la maji na vikombe vya plastiki. Kabla hujasema neno, alikumiminia. "Kunywa kwanza. Koo likimeza, pumzi inajipanga yenyewe." Alikuwa amefundishwa hivyo chuoni, na ni kweli, nimejaribu na watoto ninaowafundisha mimi leo.

Jambo ambalo sikulielewa wakati ule, na ambalo walimu wenzake walimsema nalo, ni kwamba hakukubali kuchagua upande. Alisomea saikolojia chuo kikuu na aliijua kazi yake. Alijua majina ya magonjwa ya akili, alijua dawa zake, na aliwahi kumsafirisha msichana mmoja hadi Machakos kumwona daktari wakati wazazi wa msichana huyo walitaka kumfungia kanisani wiki nzima. Lakini pia aliamini kuwa moyo unaweza kuota kutu, na kwamba kumkumbuka Mungu ni dawa kwa maana kamili ya neno dawa. Siku moja katika kipindi cha stadi za maisha aliandika ubaoni neno "wasiwasi". Akatuambia kwamba katika dini yao neno hilo ni mnong'ono, sauti inayokunong'oneza kifuani mpaka ushuku hata ulichofanya dakika moja iliyopita. Chuoni, akasema, kitu hicho hicho kina jina la ugonjwa na kina matibabu.

Msichana mmoja wa mbele akauliza, "Kwa hivyo ni kitu kimoja, Madam?"

"Sijasema hivyo. Msidanganyike kwamba ni kitu kimoja kwa majina mawili. Chuo kilinifundisha kumuuliza mtu, unahisi nini na unataka nini. Dini yangu inaniuliza, huyu mtu anapaswa awe nani. Hayo ni maswali mawili tofauti. Mgonjwa anayahitaji yote mawili, lakini si siku moja."

Mwalimu wa somo la dini, ambaye pia alikuwa kama mchungaji wa shule, alipenda kubishana naye chumba cha walimu. Siku moja nikipeleka madaftari niliwasikia. Mwalimu wa dini alisema kwamba mtu aliyeokoka hana haja ya kuchambuliwa akili, ana haja ya kuombewa tu. Yeye akamjibu, "Mwalimu, ulipovunjika mkono mwaka jana ulienda wapi?" Mwalimu wa dini akacheka. Wengine hawakucheka.

Na alikuwa na kasoro zake, nisije nikamfanya mtakatifu. Alikuwa na hasira ya haraka. Aliwahi kumrushia mwalimu wa hesabu dasta, ikagonga mlango, kwa sababu alimwita msichana fulani mwendawazimu mbele ya darasa. Alitufundisha kupumua polepole huku yeye akitafuna kucha hadi zikatoka damu. Alituhimiza tuseme yaliyo moyoni, lakini katika miaka mitatu sikumsikia akisema hata mara moja kwamba amechoka. Ukimuuliza hali, alijibu, "Alhamdulillahi," halafu akafunga mdomo kabisa. Nilidhani hiyo ndiyo nguvu.

Mimi nilienda kwake mwanzoni mwa kidato cha nne. Baba alikuwa amefariki likizo ya Desemba. Mama aliniambia nisilie, kwa sababu baba alikuwa ameokoka na alikuwa mahali pazuri, na machozi yetu yangekuwa kama kumwambia Mungu amekosea. Nikatii. Nilirudi shuleni bila kudondosha chozi, na wiki ya tatu nikaanza kushindwa kupumua. Kifua kilikaza katikati ya somo, vidole vikafa ganzi, nikawa na hakika kwamba ninakufa.

Alinimiminia maji. Sikuweza kushika kikombe, akanishikia. Tulikaa tukitazama uwanja kwa muda mrefu. Kisha, baada ya yale maswali yake mawili, akauliza kama nimemlilia baba yangu. Nikamweleza alichosema mama.

"Yakobo unamjua? Baba yake Yusufu."

"Ndiyo, Madam."

"Yakobo wenu na Yakubu wetu ni mtu mmoja. Alipoambiwa mwanawe amekufa alilia. Kwetu tunafundishwa alilia mpaka macho yake yakaharibika. Na hakuna mahali pameandikwa kwamba Mungu alimkasirikia. Sasa wewe unajaribu kumzidi nabii?"

Nikalia. Nililia hadi kengele mbili zikapita. Hakunigusa wala hakusema nyamaza. Tangu siku hiyo nilikwenda kwake kila Jumanne, na kifua kikalegea. Ninasema hivi ili ijulikane vizuri nilikuwa nani kwake, na yeye alikuwa nani kwangu, kabla ya kilichofuata.

Muhula wa pili, wiki mbili kabla ya mtihani wa majaribio, msichana wa kidato cha pili alianguka kwenye gwaride la Jumatatu asubuhi. Jua lilikuwa kali na watu walidhani ni njaa. Lakini alipiga kelele, akarusha miguu, akasema kuna mtu amemkalia kifuani. Kufikia saa nne wengine watatu walikuwa wameanguka. Jumanne walikuwa wengi kiasi kwamba hatukuhesabu tena. Walibebwa kwa shuka hadi bwalo la chakula, wakalazwa sakafuni. Wengine hawakuweza kutembea kabisa, miguu ilikataa. Ukisikia mmoja akianza kulia upande ule, ulijua mwingine ataitikia upande huu.

Mwalimu wa ushauri alikuwa mtu wa pekee aliyetembea bila kukimbia. Alitaka wasichana watenganishwe, watatu watatu, katika vyumba vyenye madirisha wazi. Alitaka watu wasiokuwa na kazi waondoke. Alimwambia mwalimu mkuu aahirishe mtihani na awaache watoto walale, kwa sababu ratiba ya masomo ilikuwa ikianza alfajiri na kuisha usiku, na hakuna mwili wa msichana wa miaka kumi na sita unaoweza hiyo kwa miezi. Nilikuwepo. Nilikuwa nimembeba rafiki yangu miguu.

"Kwa hivyo unasema hakuna mapepo hapa," mwalimu mkuu alimwambia.

"Ninaamini majini wapo, Madam. Dini yangu inaniambia wapo. Lakini sijawahi kuona jini anayengoja mtihani ukaribie ndipo atokee."

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Aliogopa wazazi, aliogopa bodi, na nadhani aliogopa zaidi kile alichokuwa akikiona kwa macho yake. Mtihani haukuahirishwa. Badala yake wakaletwa wachungaji, sita au saba, wakasimama bwaloni na vipaza sauti. Waliomba kwa nguvu kuanzia asubuhi hadi saa tisa. Kila walipokemea, wasichana zaidi walianguka.

Mimi nilianguka Alhamisi. Watu wakisema tulikuwa tunaigiza, huwa ninataka wajue ilivyokuwa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo. Nikahisi kama siafu wananipanda kutoka nyayoni, kisha kutoka magotini kwenda chini sikuhisi kitu. Nilisikia mtu akipiga kelele na nikashangaa alivyo karibu nami, mpaka nikatambua ni mimi. Hofu ile ilikuwa ya kweli. Chanzo chake ndicho kilichokuwa kitu kingine.

Kufikia Ijumaa swali halikuwa tena ni nini, lilikuwa ni nani. Huku kwetu watu husema majini hutoka pwani, yananunuliwa kule na kuletwa bara. Na katika shule nzima kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye alifunga mlango kila mchana na kusema maneno ambayo hatukuyaelewa. Pazia lake likakumbukwa. Mkeka wake ukakumbukwa. Mtu akauliza ni wasichana wangapi walioanguka ambao waliwahi kunywa maji ofisini kwake. Jibu lilikuwa karibu wote, kwa sababu karibu wasichana wote wa shule ile waliwahi kunywa maji ofisini kwake.

Wazazi waliitwa Jumamosi. Bwalo lilijaa hadi nje. Mwenyekiti wa bodi, mzee mwenye sauti nzito aliyeheshimiwa soko zima, alisema watoto waachwe waseme wenyewe. Wawili walizungumza kabla yangu, wakasema waliota mwanamke mwenye mtandio. Kisha akaniita mimi, kwa sababu watu walijua nilikuwa naenda kwake kila Jumanne.

Mama alisimama nami. Mkono wake ulikuwa mgongoni mwangu, chini kidogo ya shingo.

"Ulipoenda kwake alikupa nini?" mwenyekiti akauliza.

"Maji."

"Maji tu?"

"Ndiyo."

"Alisema nini juu ya hayo maji?"

Mwalimu wa ushauri alikuwa amesimama kwenye dirisha la kugawia chakula, upande wa jikoni. Mikono yake ilikuwa imeshikana mbele. Bwalo zima lilikuwa limenyamaza, na katika kimya hicho nikaanza kuhisi siafu tena miguuni. Nilijua nikichelewa kujibu nitaanguka mbele ya watu wote. Mkono wa mama ukanibonyeza.

"Alisoma," nikasema.

"Alisoma nini?"

"Sijui. Kiarabu."

"Nani? Mtaje."

Nikamtaja. Jina lake kamili, lote.

Sikuwahi kumsikia akisoma kitu juu ya maji. Si siku hiyo ya kwanza, si siku nyingine yoyote. Nilichosema kilitoka mdomoni mwangu kikiwa kimekamilika, kana kwamba kimekuwa kikiningoja. Watu walisimama wote pamoja. Benchi likaanguka. Juu ya kelele zote nilisikia sauti yake, ikitoka pale dirishani bila kupandishwa sana.

"Mwacheni mtoto akae chini. Amechoka."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho katika shule ile. Mama mmoja alimvuta mtandio ukatoka. Wapishi walimtoa kupitia mlango wa kuni, na dereva wa shule akamkimbiza na gari huku mawe yakigonga bati. Hakurudi kuchukua chochote. Shule ikafungwa wiki mbili. Tulipofungua, hakuna aliyeanguka tena, na watu wakasema, si mmeona.

Nilifaulu mtihani. Nikasomea ualimu, nikapata kazi Kibwezi, katika shule ya msingi karibu na mashamba ya umwagiliaji. Kwa nje nilikuwa sawa. Lakini sikuwa nikilala. Nikifumba macho nilisikia benchi likianguka. Mwaka wa nne wa hali hiyo nikaanza kumwona mshauri katika hospitali moja, kijana mpole aliyenisikiliza vizuri. Alinifundisha kwamba nilikuwa mtoto, nilikuwa mgonjwa, nilikuwa chini ya shinikizo la watu wazima. Yote ni kweli. Aliniambia niandike barua ambayo sitaituma, nijisamehe. Niliandika, nikajisamehe, na kwa miezi kadhaa nililala. Nilitubu kanisani pia, kwa jumla, bila kutaja nini. Kisha usingizi ukakata tena.

Mwanafunzi mwenzangu wa zamani aliyeolewa Mwingi ndiye aliyeniambia kwamba amemwona. Anauza vitambaa, alisema, na jioni anawafundisha watoto wa msikiti. Nilipanda gari Jumamosi moja kwa ile barabara ya lami ya kwenda Kitui, na kutoka Kitui nikaenda Mwingi. Njiani nilirudia maneno ya kumwambia. Nilipofika mlango wa duka sikuwa na hata moja.

Alinitambua mara moja. Alikuwa amenenepa, na nyusi zake zilikuwa na mvi. Hakusimama.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi, Mwalimu. Nimekuja kuomba msamaha."

Alikunja kitambaa alichokuwa ameshika, akakikunja vizuri, pembe kwa pembe. Kisha akaniambia nikae, anakwenda kuswali alasiri. Alichukua muda mrefu kuliko swala. Nilikaa kati ya marobota ya kitambaa nikifikiri labda ametoka kwa mlango wa nyuma. Aliporudi uso wake ulikuwa umelowa.

Alinisimulia bila kupambapamba. Aliporudi Mwingi hakutoka kitandani miezi mitano. Alijua dalili zote kwa majina. "Ningeweza kujiandikia ripoti," akasema. "Kuyajua majina hakukuniamsha." Kaka yake alimleta shehe akamsomea siku saba mfululizo. Baadaye alikwenda mwenyewe hospitali, akapewa dawa, na bado anazimeza.

"Na ni kipi kilichokusaidia?" nikauliza.

"Watu wote wananiuliza hilo. Shehe alinirudishia hamu ya kuswali. Dawa zilinirudishia nguvu ya kusimama kuswali. Ukiondoa kimoja, sijui kama ningekuwa hapa nikiongea na wewe." Akaweka kitambaa kando. "Na kitu kingine nikwambie, kwa sababu umekuja umbali wote huu. Siku ile ya kwanza, uliposhindwa kupumua, nilisoma. Kimoyomoyo. Haikuwa juu ya maji. Nilijisomea mimi, kwa sababu ulikuwa umebadilika rangi na mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Pale bwaloni uliposema nilisoma, kwa muda kidogo nilidhani ulinisikia."

"Sikusikia, Mwalimu. Nilidanganya."

"Najua. Sasa najua."

Nikamweleza juu ya mshauri, na barua, na toba yangu ya kanisani. Alisikiliza akitikisa kichwa, kama zamani.

"Huyo kijana alikufundisha vizuri. Ulikuwa mtoto. Na Mungu akitaka amekusamehe, sina shaka." Akanitazama moja kwa moja, kitu ambacho hakuwahi kufanya ofisini. "Lakini wewe umetubu, umepata nafuu, umelala. Mimi Mukuyuni bado ni mchawi."

Nilitazama kile kitambaa alichokuwa amekikunja.

"Kwetu, kosa ulilomfanyia Mungu unamalizana na Mungu. Kosa ulilomfanyia mtu, Mungu anakurudisha kwa huyo mtu. Unarudisha ulichochukua. Jina langu hukulichukua ndani ya roho yako, ulilichukua mbele ya watu, kwenye lile bwalo."

"Ukinisamehe kwanza, labda nitapata nguvu ya kwenda."

"Nimejaribu miaka hii yote. Siku zingine ninaamka nimekusamehe kabisa, na inafika adhuhuri imeisha. Siwezi kukuahidi. Nenda bila ahadi."

Nilianza na mama. Nilimkuta nyuma ya nyumba akimenya mbaazi kwenye ungo. Nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia kwamba mwalimu yule hakusoma kitu, nilitunga. Mikono yake iliendelea kumenya.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Palepale. Mtoto wangu akidanganya shingo inakuwa ngumu. Mkono wangu ulikuwa hapohapo chini yake." Akasukuma ungo kando. "Baba yako alikuwa ameenda. Wewe ulikuwa unaanguka. Kila mtu ananiambia ni mapenzi ya Mungu. Nilitaka kuwe na mtu amefanya."

Tulikaa hapo. Nilikuwa nimejitayarisha anikaripie. Sikuwa nimejitayarisha kwa hilo, na kwa muda nilimchukia kuliko nilivyowahi kujichukia mimi.

Mwalimu mkuu wa sasa ni mwingine. Nilimwomba dakika tano siku ya maombi ya watahiniwa, wazazi wakiwa wamejaa bwaloni. Aliponisikiliza ofisini akasema, "Utajiharibia jina, unajua?" Nikamwambia ninajua. Nilisimama palepale nilipokuwa nimesimama nikiwa msichana. Nikasema jina langu. Nikasema kwamba mwalimu wa ushauri aliyefukuzwa kwa mawe hakumfanyia mtoto yeyote uchawi, kwamba mimi nilisema uongo, na kwamba alikuwa ameniponya kabla sijamsingizia. Hakuna aliyepiga makofi. Yule mwenyekiti wa zamani, mzee sasa na fimbo, alinyanyuka akatoka, na wengine kama kumi wakamfuata. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Mbona unatuletea haya leo?" Nikaendelea hadi mwisho, kisha nikakaa chini.

Nilimpigia Mwalimu simu jioni hiyo hiyo. Alitaka kujua kila kitu kwa utaratibu: nani alikuwepo, nani alitoka, nilisema jina lake au nilisema tu mwalimu. Nikamwambia nililitaja lote.

"Mama yako alitoka?" akauliza.

"Alibaki hadi mwisho."

"Siku ya soko ni lini siku hizi?" akasema.

Alikuja siku ya soko, peke yake, saa tano asubuhi. Nilimpokea kwenye kituo. Alikuwa amevaa mtandio mweupe. Sikumuuliza anataka kwenda wapi. Alianza kutembea nami nikamfuata. Tulipita kwenye mafungu ya maembe na nyanya, kwenye wauza nguo za mitumba, kwenye duka la nafaka la yule mwenyekiti, ambaye alikuwa amekaa nje na hakuinua kichwa. Watu waliacha kuongea tulipokaribia na wakaanza tena tulipopita. Mwanamke mmoja muuza mboga alisimama, akafuta mkono kwenye leso, akamnyooshea. "Mwalimu," akamwambia kwa Kikamba, "binti yangu alilala kwenye mkeka wako." Akamshika mkono muda mrefu. Wengine hawakumshika. Mmoja aligeuza uso na kuwavuta watoto wake. Nilitazama mikono ya kila mtu kuona imeshika nini.

Mwisho wa soko mama alikuwa anangoja barabarani, amevaa nguo yake ya kanisani. Nilikuwa nimemwambia asije. Alikuwa amejitayarisha kusema, nilimwona midomo ikitembea. Lakini tulipomfikia akaweza tu kusema, "Chai iko tayari nyumbani."

Mwalimu alimtazama. Alikuwa anapumua kwa shida kidogo, na niliona amekunja vidole ndani ya viganja.

"Asante, mama," akasema. "Leo sitaingia. Leo nilikuja kutembea tu."

"Sawa," mama akasema.

"Msichana wako alifanya vizuri."

"Si yeye tu," mama akasema. "Ile siku, ule mkono ulikuwa wangu."

Mwalimu alitikisa kichwa mara moja, taratibu, kama mtu aliyepokea kitu kizito na bado hajui atakiweka wapi. Kisha gari la Machakos likaja, akapanda, akakaa upande wa dirisha la mbali. Mama alibaki amesimama kando ya barabara hadi vumbi likatulia.

"Atarudi?" akaniuliza.

"Hakusema."

Mama akaniambia tutangulie nyumbani, chai isipoe, na akaenda mbele yangu bila kunishika mkono.